Sura ya Tano: Adhabu ya Kusema

Mwezi Novemba 2006 polisi wa Buffalo, mji wa jimbo la New York ulio mpakani na Kanada, waliitwa kuamua ugomvi wa mwanamume na mwanamke waliokuwa wameachana. Mwanamume, Neal Mack, alitiwa pingu. Askari mmoja Mzungu, Gregory Kwiatkowski, akamkaba shingo huku mikono yake imekwisha fungwa. Cariol Horne, mwanamke mweusi aliyeitumikia idara hiyo kwa miaka 19, aliona mtu anaishiwa pumzi. Akaushika mkono wa mwenzake, akauvuta utoke shingoni. Wawili hao wakavaana palepale, mbele ya askari wengine.

Idara ikachunguza. Kwiatkowski akaonekana hana kosa. Aliyefunguliwa mashtaka ya kinidhamu ni Horne, kwa hoja kwamba kumwingilia askari mwenzake kazini kulihatarisha usalama wa wote. Mwaka 2008 alifukuzwa, akiwa amebakiza miezi michache atimize miaka 20 inayompa askari wa huko pensheni yake kamili. Kwiatkowski alimfungulia pia kesi ya kumkashifu, na akashinda. Miaka iliyofuata Horne aliishi kwa vibarua, ikiwamo kuendesha malori.

Na huyo aliyemkaba Mack? Mwaka 2018 mahakama ya serikali kuu ilimhukumu Kwiatkowski kifungo cha miezi minne kwa kutumia nguvu kupita kiasi dhidi ya vijana wanne weusi. Tukio hilo lilitokea mwaka 2009. Yaani mwaka mmoja baada ya idara kumwondoa askari pekee aliyethubutu kumzuia, vijana wengine wanne waliumizwa na mtu yuleyule.

Ilibidi dunia imwone George Floyd akifa chini ya goti la polisi mjini Minneapolis, Mei 2020, ndipo Buffalo irudi nyuma na kumtazama Horne upya. Mwaka huohuo baraza la mji lilipitisha sheria inayobeba jina lake. Sheria hiyo inamlazimu askari kuingilia kati anapoona mwenzake anatumia nguvu isiyo halali, inamkinga asilipiziwe kisasi, na iliruhusu mashauri ya zamani yafunguliwe upya. Tarehe 13 Aprili 2021, wiki moja kabla Derek Chauvin hajatiwa hatiani kwa kumuua Floyd, Jaji Dennis Ward alifuta uamuzi wa kumfukuza Horne, akaamuru alipwe malimbikizo ya mshahara na apewe pensheni yake. Kutoka siku ile ya Novemba 2006 hadi hukumu hiyo ilipita zaidi ya miaka 14.

Nimetanguliza kisa cha Horne kwa makusudi. Mjadala kuhusu wanawake weusi na wengine wasio Wazungu katika polisi za nchi za Magharibi huanza karibu kila mara kwenye lango la kuajiriwa: wangapi wameomba, wangapi wamefaulu, vipi tuwavute wengi zaidi. Takwimu hizo zina uzito wake. Nchini Marekani, takriban askari mmoja kati ya wanane ni mwanamke, na wanawake weusi ni kama asilimia 3 tu ya askari wote. Lakini ukizisoma kesi zenyewe, ukawasikiliza waliokaa kazini miaka 15 au 30, unagundua kwamba lango limeongelewa kupita kiasi. Wanawake hawa waliingia. Walifaulu mafunzo, walipata vyeo, wengine walipata nishani. Kilichowavunja kilikuja baadaye, pale walipofanya jambo ambalo kiapo cha kazi kinawataka walifanye: kuzuia kosa, kuripoti kosa, au kudai haki. Huo ndio msimamo wangu katika sura hii. Mfumo wa nidhamu ndio kizuizi kikubwa kuliko vyote, na ndio unaozungumzwa kidogo kuliko vyote.

Tuanze mbali kidogo. Los Angeles iliajiri askari wa kike wa kwanza, Alice Stebbins Wells, mwaka 1910. Miaka sita baadaye Georgia Ann Robinson, mwanamke mweusi aliyekuwa mhamasishaji wa jamii yake, alianza kujitolea jela kama mlezi wa mahabusu wa kike, na mwaka 1919 akaajiriwa rasmi kuwa polisi. Kazi yake ilikuwa ya wanawake na watoto, hasa weusi. Alipoona hawana pa kwenda wakitoka rumande, alianzisha nyumba ya hifadhi, akaiita kwa jina la Sojourner Truth. Mwaka 1928 mahabusu mmoja alimpiga kichwa kwenye vyuma vya jela, akapoteza uwezo wa kuona, na kazi yake ikaishia hapo. Robinson aliishi hadi 1961, akiendelea kutetea weusi waruhusiwe katika shule na fukwe zilizotengwa kwa Wazungu.

Mgawanyo huo wa kazi, mwanamke mweusi ashughulikie wanawake na watoto weusi, ulidumu miongo mingi. Ulikuwa na faida kwa mji na hasara kwa askari. Vyeo vilitoka kwenye doria na upelelezi wa makosa makubwa, naye huko hakupangiwa. Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilipanua Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ili iwafunge pia waajiri wa serikali za majimbo na miji, na hapo idara za polisi zikaanza kushitakiwa kwa kubagua. Vigezo vya urefu na uzito vikaanza kuanguka. Mwaka 1977 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikataa kigezo cha magereza ya Alabama, futi 5 na inchi 2 na ratili 120, kwa kuwa kiliwaondoa zaidi ya wanawake 40 katika kila 100 huku wanaume waliokiangukia hawakufika hata mmoja katika kila 100. Wanawake wenye asili ya Asia na Amerika ya Kusini, ambao wengi wao ni wafupi, ndio walioumia zaidi kwa vigezo vya aina hiyo.

Upande wa pili wa bahari, London ilimpata askari wake wa kwanza wa kike mweusi Februari 1968. Sislin Fay Allen, mzaliwa wa Jamaika, alikuwa muuguzi hospitalini Croydon alipoliona tangazo la kazi ya polisi. Aliomba, na katika fomu alieleza wazi kwamba yeye ni mweusi. Alipoanza kazi, waandishi wa habari walimfuata barabarani, na makao makuu yakapokea barua za matusi ya rangi. Alitoka mwaka 1972, akarudi Jamaika na kujiunga na polisi wa huko. Alifariki mwaka 2021.

Miaka mitatu baada ya Allen aliingia mwanamke ambaye jina lake lilipaswa kujulikana zaidi pwani yetu. Karpal Kaur Sandhu alizaliwa Zanzibar mwaka 1943, katika familia ya Kalasinga. Alihamia Uingereza mwaka 1962, akafanya kazi ya uuguzi, na Februari 1971 akawa mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Asia kuvaa sare ya polisi wa London. Wakati wenyewe ulikuwa na mvutano. Wahindi wa Afrika Mashariki walikuwa wakiingia Uingereza kwa wingi, na mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza wale wa Uganda. Polisi walihitaji mtu anayezijua lugha na desturi za wageni hao, na Karpal akawa daraja lao: mkalimani, mwalimu wa lugha kwa wenzake, mtu wa kuitwa kila familia ya Kihindi inapogonga mlango wa kituo.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mume wake hakuitaka kazi hiyo, aliona haimfai mke wa Kihindi. Novemba 1973 alimuua. Karpal alikuwa na umri wa miaka 30, na utumishi wake ulikuwa haujatimiza miaka mitatu. Polisi wa London walimkumbuka hadharani mwaka 2021, ilipotimia nusu karne tangu aapishwe. Nadhani Zanzibar nayo inayo deni la kumkumbuka.

Kisa chake kinatufundisha jambo ambalo takwimu za ajira hazilionyeshi. Askari wa aina yake hufanya kazi mbili kwa mshahara mmoja. Kuna ile iliyoandikwa kwenye mkataba, na kuna ile ya kutafsiri, kupatanisha, kupigwa picha za mabango ya ajira, kusimama mbele ya waombolezaji mtu wa jamii yake anapouawa, kuelimisha wenzake kuhusu desturi ambazo wangeweza kusoma wenyewe. Kazi hii ya pili haiingii kwenye tathmini ya mwaka, na haimpandishi mtu cheo. Wakati mwenzake anajenga jalada la kesi alizozipeleleza, yeye yuko msikitini au kwenye gurdwara, hekalu la Kalasinga, akituliza watu kwa niaba ya idara. Wakirudi kwenye usaili wa kupandishwa, anaulizwa kesi zake ziko wapi.

Kuna pia suala la nani anakuja redio inapoita. Mwanasosholojia Susan Martin, aliyewafuatilia askari wa kike wa Washington tangu miaka ya 1970, aliandika mwaka 1994 kuhusu hali ya pekee ya askari wanawake weusi. Wanaume weupe walikuwa wepesi wa kuwalinda wenzao wa kike weupe kwa kuwatafutia kazi za ndani ya kituo. Ulinzi huo una dharau ndani yake, maana unamfanya mwanamke awe mtoto. Lakini mwanamke mweusi hakupata hata huo. Wanawake weupe hawakumhesabu kuwa mwenzao, na wanaume weusi, waliokuwa na vita vyao vya rangi, hawakuwa tayari kila mara kupigana vita vya jinsia kwa ajili yake. Katika doria, silaha ya kwanza ya askari ni wenzake watakaofika kwa dakika chache. Askari asiye na uhakika kwamba watafika anafanya kazi akiwa uchi, hata kama ana bastola kiunoni.

Vifaa sitavikalia sana, ingawa ni kero ya kila siku: fulana za kuzuia risasi zilizokatwa kwa kifua cha mwanamume, kofia zisizokaa juu ya nywele zilizosukwa, kanuni za usafi wa nywele zilizoandikwa na watu ambao hawajawahi kushika nywele za kipilipili. Hijabu imepata nafuu kidogo kidogo. London iliiruhusu pamoja na sare mwaka 2001, St. Paul jimboni Minnesota mwaka 2014 alipoingia askari mwenye asili ya Somalia, Scotland mwaka 2016. Hayo yanarekebishika kwa fundi cherehani na waraka mmoja wa mkuu wa polisi. Yanayofuata hayarekebishiki kwa urahisi huo.

Mwaka 1976 mahakama moja ya Missouri iliamua kesi ambayo haikuhusu polisi, lakini kivuli chake kimewaangukia polisi hadi leo. Emma DeGraffenreid na wanawake wengine wanne weusi waliishitaki kampuni ya General Motors. Kabla ya 1964 kiwanda chao kilikuwa hakiajiri wanawake weusi, hivyo wale walioajiriwa baadaye ndio waliokuwa wageni kazini, na mdororo wa uchumi ulipokuja ndio waliopunguzwa wa kwanza. Mahakama iliwajibu hivi: kampuni inaajiri wanawake, kwa hiyo haibagui wanawake, na kuhusu rangi, kampuni inaajiri weusi, basi wakajiunge na kesi ya wanaume weusi. Wanawake walioajiriwa walikuwa weupe, wa ofisini. Weusi walioajiriwa walikuwa wanaume, wa kiwandani. Mwanamke mweusi, aliyebaguliwa kwa kuwa vyote viwili, alikuta sheria haina kiti chake. Mwaka 1989 mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliiandika kesi hiyo upya, akaonyesha kwamba ubaguzi wa rangi na wa jinsia vikikutana kwa mtu mmoja huzaa madhara ambayo huwezi kuyaona ukivitazama kimoja kimoja.

Baadaye mahakama nyingine zililegea. Ofisi za utumishi hazikulegea sana. Idara ya polisi ikilaumiwa kwamba haiwapandishi wanawake, inaonyesha majina ya wanawake iliowapandisha. Ikilaumiwa kwa rangi, inaonyesha weusi. Orodha zote mbili zinaweza kuwa za kweli kabisa na bado pasiwe na jina la mwanamke mweusi hata moja ndani yake. Ndiyo maana kila nikisoma ripoti ya idara inayojisifu kwa asilimia ya wanawake, swali langu la kwanza ni wanawake gani.

Sasa tufike kwenye nidhamu. Machi 2021 askari wa London aliyekuwa bado katika utumishi, Wayne Couzens, alimteka na kumuua Sarah Everard, akitumia kitambulisho chake cha polisi kumkamata barabarani. Baroness Louise Casey akapewa kazi ya kuuchunguza utamaduni wa jeshi zima la polisi la jiji hilo, na ripoti yake ilitoka Machi 2023. Alihitimisha kwamba taasisi yenyewe ina ubaguzi wa rangi, chuki dhidi ya wanawake na chuki dhidi ya mashoga. Theluthi moja ya wanawake waliokuwa wakifanya kazi humo walisema wamekutana na ubaguzi wa kijinsia, na asilimia 12 walisema wamewahi kunyanyaswa au kushambuliwa kazini. Lakini namba iliyonishika mimi ni nyingine. Askari weusi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa asilimia 81, wakilinganishwa na weupe, wa kujikuta ndani ya mfumo wa mashtaka ya utovu wa nidhamu. Kwa askari wenye asili ya Asia tofauti hiyo ilikuwa asilimia 55.

Tafakari maana yake kwa mtu mmoja. Parm Sandhu alizaliwa Birmingham na wazazi wahamiaji kutoka Punjab, akaozwa kwa lazima akiwa binti mdogo, akatoroka, akaingia polisi mwaka 1989. Alipanda hadi cheo cha mrakibu mkuu London, akawa mwanamke mwenye cheo cha juu kuliko wote wasio Wazungu katika jeshi hilo. Mwaka 2018 alianza kuchunguzwa kwa kosa kubwa la kinidhamu, akidaiwa kuwashawishi wenzake waunge mkono jina lake lipendekezwe kwa nishani ya Malkia. Uchunguzi ulichukua karibu mwaka mzima. Mwisho wake hakukutwa na kosa. Lakini muda huo wote maendeleo yake yalikuwa yamesimama, na alistaafu mwaka 2019. Alishitaki kwa ubaguzi, shauri likamalizwa kwa makubaliano mwaka 2020, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu cha maisha yake. Nyuma yake aliacha pengo katika ngazi ambayo tayari ilikuwa na watu wachache mno wanaofanana naye.

Kisa cha Robyn Williams ni kigumu zaidi, na sitaki kukirahisisha. Alikuwa mrakibu, mmoja wa wanawake weusi wa vyeo vya juu kabisa London, mwenye nishani, na alifanya kazi na jamii ya Grenfell, jengo la makazi la London, baada ya jengo hilo kuungua mwaka 2017. Mwaka 2018 dada yake alimtumia kwa WhatsApp video ya mtoto akidhulumiwa kingono. Dada huyo alikuwa amekasirika na alitaka mhalifu akamatwe. Mahakama ilikubali kwamba Williams hakuitazama, lakini haikuamini kwamba hakujua kilichomo, naye hakuiripoti. Alitiwa hatiani mwaka 2019, na mwaka 2020 akafukuzwa kazi. Mwaka 2021 baraza la rufaa la polisi liliona adhabu hiyo imezidi kosa, likaamuru arudishwe. Sheria ilimtia hatiani na hilo halijafutika. Ninachokiona mimi ni jinsi jeshi lilivyokwenda mbio hadi kwenye adhabu kubwa kabisa kwa mtu mwenye rekodi ya miaka zaidi ya 30, hata ikabidi baraza la rufaa ndilo lipime uzito.

Kanada nayo inatuonyesha upande wa wasioshitakiwa, wale walionyamaza. Mwaka 2020 jaji mstaafu Michel Bastarache alitoa ripoti baada ya kusikiliza madai ya wanawake waliofanya kazi katika polisi wa kifalme wa nchi hiyo. Wanawake 2,304 walilipwa fidia, jumla ikizidi dola milioni 125 za huko. Walieleza kudhalilishwa, kuguswa, kubakwa. Wanawake wa makabila ya asili walieleza kwamba juu ya hayo waliongezewa matusi ya asili yao. Wengi hawakulalamika wakati ule, kwa kuwa waliona yaliyowapata waliolalamika: uhamisho wa kwenda kituo cha mbali, kazi za kudhalilisha, jina kuchafuliwa kabla hawajafika kituo kipya. Katika polisi, tofauti na kiwandani, mtu unayemlalamikia ndiye anayepanga zamu yako, na rafiki yake ndiye atakayechunguza lalamiko lako.

Wako waliofika kileleni. Beverly Harvard aliongoza polisi wa Atlanta kuanzia mwaka 1994, mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza idara ya mji mkubwa Marekani. Carmen Best alishika Seattle mwaka 2018, Danielle Outlaw akashika Philadelphia mwaka 2020, na Januari 2022 Keechant Sewell akawa kamishna wa kwanza wa kike katika historia ya polisi wa New York. Best alijiuzulu mwaka 2020 baada ya baraza la mji kupunguza bajeti ya idara katikati ya maandamano. Sewell aliondoka baada ya miezi 18, bila kueleza sababu hadharani. Outlaw aliondoka mwaka huohuo wa 2023. Miji huwakumbuka wanawake hawa wakati nyumba inaungua. Wanakabidhiwa idara isiyoaminiwa na wananchi na isiyotaka kuguswa na askari wake, wanatakiwa kuitengeneza haraka, na wakishindwa jina lao ndilo linalobaki kwenye kushindwa huko.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini raia wa kawaida ajali vyeo vya askari. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Bocar Ba na wenzake kuhusu maelfu ya askari wa Chicago, ukilinganisha askari waliopangwa mahali pamoja, saa zilezile. Askari weusi walisimamisha watu wachache zaidi, walikamata wachache zaidi na walitumia nguvu mara chache zaidi kuliko weupe, hasa dhidi ya raia weusi. Askari wa kike walitumia nguvu kidogo kuliko wa kiume. Kwa hiyo idara inapomchosha mwanamke mweusi hadi akaacha kazi, mwananchi anapoteza askari ambaye kwa takwimu angemwendea taratibu zaidi. Neal Mack aliwahi kusema mwenyewe kwamba Horne aliokoa maisha yake.

Tangu 2021 idara nyingi za Marekani zimejiunga na mpango wa 30x30, unaotaka makuruti wanawake wafike asilimia 30 ifikapo 2030. Ni lengo jema. Nauunga mkono, kwa sharti kwamba kila idara itangaze, kwa rangi na jinsia kwa pamoja, nani ameajiriwa, nani amepandishwa, nani ameshitakiwa kinidhamu na nani ameacha kazi na kwa nini. Bila safu hizo mbili za mwisho, tutakuwa tunahesabu wanaoingia tu. Na sheria ya Buffalo inastahili kuwa sheria ya kila mji. Uchunguzi wa lalamiko la askari dhidi ya askari utoke mikononi mwa kituo chao, upewe watu wa nje wenye mamlaka ya kuita mashahidi.

Hadi hayo yatimie, namalizia na wewe msomaji uliye Columbus, Minneapolis, Leicester au Toronto, au mwenye binti huko anayejaza fomu ya polisi. Mwambie aende, kazi hiyo inamhitaji. Mwambie ajiunge na chama cha askari weusi au wa jamii yake wiki ya kwanza, kabla hajapata tatizo. Aweke kumbukumbu zake binafsi za kila tukio, tarehe, saa na waliokuwapo, nje ya kompyuta ya kazini. Na azijue siku za sheria. Nchini Marekani lalamiko la ubaguzi hupelekwa kwa tume ya fursa sawa za ajira ndani ya siku 180, au 300 katika majimbo yenye tume yao wenyewe. Uingereza, muda wa kufika baraza la kazi umekuwa kwa miaka mingi miezi mitatu pungufu ya siku moja. Muda huo huhesabiwa tangu siku ya tukio. Asisubiri uchunguzi wa ndani wa idara umalizike ndipo amtafute wakili.